Kutafuta Makala katika Maktaba Mtandao: Mfano wa Chuma cha Ufipa

Maktaba mtandao ni hazina ya vitabu, majarida, tasnifu na ripoti inayofikiwa kwa njia ya intaneti. Tofauti yake na mtandao wa kawaida ni kwamba kila kilichomo kimesajiliwa: kina jina la mwandishi, mwaka, kichwa, jina la jarida na mara nyingi ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja unaotangulia makala yenyewe.

Kwa mtahiniwa anayesoma Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, jambo hili si dogo. Vitabu vya kiada vinavyofika shuleni kwake ni vilevile vinavyofika Tanga na Mtwara, na vinaieleza Ufipa kwa sentensi mbili tatu, kama vinaieleza kabisa. Hata hivyo, uwanda huu umeandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wameandika wamisionari, watawala wa kikoloni, wanaanthropolojia, na baadaye wanaakiolojia wa Kitanzania. Makala yapo. Kazi iliyobaki ni kuyafikia kabla bando halijaisha.

Tufuate swali moja la Historia tangu mwanzo hadi mwisho: "Kwa kutumia mifano, eleza teknolojia ya chuma katika jamii za Afrika Mashariki kabla ya ukoloni." Watahiniwa wengi hutaja majembe, mikuki na mishale, kisha husimama hapo. Anayeweza kueleza jinsi tanuri la Wafipa lilivyoyeyusha chuma bila mtu kuvukuta ana jibu la aina nyingine kabisa. Swali ni moja: atalipata wapi?

Mahali pa kutafuta

Usianze kila kazi mahali pamoja. Kwa vitabu vya kiada, ingia katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kwa mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, nenda tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Taarifa hizo husomwa na wachache mno, ingawa zinaonyesha wazi ni wapi wenzako wa miaka ya nyuma walipoteza alama.

Kwa makala ya kitaaluma, tumia kwanza Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004. Hiyo si maktaba kamili bali ni kielekezi: inakuonyesha makala yapo wapi. JSTOR ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1995, imehifadhi majarida ya zamani kwa wingi. Sehemu yake iko wazi kwa kila mtu, na msomaji asiye na chuo anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe akasoma baadhi ya makala bila kulipa. African Journals Online, kwa kifupi AJOL, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Kwa somo la Kiswahili lipo jarida la Swahili Forum, ambalo husomwa bure na lina makala yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu fasihi na isimu.

Kutoka kwenye swali hadi kwenye maneno

Kosa la kwanza ni kunakili swali zima na kulibandika katika kisanduku cha kutafutia. Mashine haisomi swali kama mwalimu. Inalinganisha maneno uliyoandika na maneno yaliyomo katika kumbukumbu zake. Neno "eleza" halisaidii kitu, na "kwa kutumia mifano" ni mzigo mtupu.

Toa dhana zilizobeba swali. Hapa ni tatu: chuma, jamii fulani, na wakati. Ukichagua Wafipa kuwa jamii yako, dhana mbili za kwanza zinatosha kuanzia.

Sasa linakuja suala la lugha. Makala mengi kuhusu chuma cha Ufipa yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo ukiandika "ufuaji chuma" utapata machache au hutapata kitu. Kutafsiri nako kunataka uangalifu. Katika mazungumzo yetu "kufua chuma" kunaweza kumaanisha kazi mbili: kuyeyusha mawe yenye madini ili kupata chuma, na kuponda chuma kilichokwisha kupatikana ili kiwe jembe. Waandishi wa Kiingereza huzitenganisha. Ya kwanza huiita "smelting", ya pili "forging". Ukitafuta kwa neno la pili peke yake, makala yote yanayohusu matanuri yanaweza kukupita.

Jina la kabila nalo lina mtego. Kwa Kiswahili tunasema Mfipa, Wafipa, Kifipa, Ufipa. Waandishi wa Kiingereza huondoa kiambishi na kuandika "Fipa" tu, isipokuwa wanapotaja nchi, ambapo huandika "Ufipa". Anayeandika "Wafipa" katika JSTOR anajifungia mlango mwenyewe. Kanuni hii ni hiyohiyo kwa Wahehe, Wanyamwezi, Wahaya na wengine wote.

Viunganishi vitatu

Maktaba nyingi za kitaaluma hukubali maneno matatu ya Kiingereza yaandikwayo kwa herufi kubwa: AND, OR na NOT. Asili yake ni mantiki ya mwanahisabati Mwingereza George Boole, aliyeishi kati ya 1815 na 1864, ambaye alionyesha kuwa kauli za mantiki zinaweza kukokotolewa kama aljebra. Usiogope jina lake. Ukiijua mada ya seti katika Hisabati, somo hili umekwisha kulielewa.

AND ni makutano ya seti, ile alama ∩. OR ni muungano, alama ∪. NOT huondoa seti moja ndani ya nyingine. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, maktaba fulani ina makala 40 yenye neno Fipa, makala 300 yenye neno iron, na kati ya hayo makala 12 yana maneno yote mawili. Ukiandika Fipa AND iron utaletewa 12. Ukiandika Fipa OR iron utaletewa 40 + 300 – 12, yaani 328. Ukiandika Fipa NOT iron utabaki na 28, na hayo ndiyo hasa usiyoyataka.

Kutokana na hesabu hiyo, AND hupunguza na OR huongeza. Wanafunzi wengi hukisia kinyume, kwa sababu katika mazungumzo "na" huonekana kuongeza kitu.

Tumia AND kati ya dhana tofauti, na OR kati ya majina tofauti ya dhana moja. Mfano: (Fipa OR Ufipa) AND iron. Mabano hayo ni ya lazima. Unakumbuka MAGAZIJUTO ya shule ya msingi? Mabano kwanza. Ukiyaacha, maktaba nyingine itaanza na Ufipa AND iron, kisha ikuongezee kila makala yenye neno Fipa, yawe ya nyimbo, ya ndoa au ya kilimo.

NOT ni kisu kikali. Makala ya mwanzo utakayokutana nayo ukitafuta chuma cha Tanzania yanaweza kuwa ya Buhaya, mkoani Kagera, kwa kuwa utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science ulijulikana dunia nzima. Utashawishika kuandika NOT Haya. Usifanye hivyo. Makala mazuri kuhusu Ufipa yanaweza kuilinganisha na Buhaya, nayo yatafutika pamoja na mengine. Ni salama zaidi kuongeza neno linalokuleta karibu kuliko kuondoa neno linalokuudhi.

Katika Google Scholar nafasi kati ya maneno huhesabiwa kama AND, kwa hiyo huna haja ya kuiandika. OR huandikwa kwa herufi kubwa, na badala ya NOT huwekwa alama ya kutoa mbele ya neno, bila nafasi.

Alama za mtajo na nyota

Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za mtajo. Ukiandika "iron smelting" ndani ya alama hizo, maktaba itatafuta maneno hayo yakiwa yameshikana kwa mpangilio huo. Bila alama, inaweza kukuletea makala ambayo neno moja liko ukurasa wa 2 na jingine ukurasa wa 19.

Nyota, yaani *, husimama badala ya herufi zozote zinazofuata. Ukiandika furnace* utapata tanuri moja na matanuri mengi kwa pamoja, kwa kuwa Kiingereza huongeza s mwishoni. JSTOR huikubali nyota hiyo. Google Scholar haiitumii kwa namna hii. Yenyewe hujaribu kutambua maumbo mengine ya neno.

Kwa Kiswahili nyota husaidia kidogo sana, na sababu yake iko katika sarufi unayoisoma kila siku. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Mhunzi na wahunzi, utenzi na tenzi, mtunzi na watunzi: mwisho umetulia, mwanzo ndio unaocheza. Nyota iliyowekwa mwishoni haiwezi kuyashika. Ukitafuta makala ya Kiswahili, andika maumbo yote wewe mwenyewe na uyaunganishe: (utenzi OR tenzi) AND wanawake. Kwa vitenzi hali ni ngumu zaidi, maana "anayeyusha", "waliyeyusha" na "huyeyusha" huanza tofauti. Tafuta kwa nomino, si kwa kitenzi. "Uyeyushaji" ni neno moja lisilobadilika kwa umoja na wingi.

Majina ya zamani

Mwandishi wa mwaka 1937 hakuandika Tanzania, kwa sababu nchi yenye jina hilo haikuwapo. Aliandika Tanganyika. Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, wakati wa Wajerumani iliitwa Bismarckburg. Mbala, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, iliitwa Abercorn. Ziwa Rukwa katika maandiko ya zamani huandikwa pia Rikwa. Anayetafuta habari za kabla ya uhuru kwa majina ya leo tu atadhani hazikuandikwa.

Jarida muhimu kwa habari za aina hii ni Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 na baadaye likabadili jina kuwa Tanzania Notes and Records. Ni humo, mwaka 1937, R. C. H. Greig alichapisha makala kuhusu uyeyushaji chuma wa Ufipa. Kabla yake, mwaka 1914, mmisionari Wyckaert aliandika kwa Kifaransa katika jarida la Anthropos kuhusu wahunzi wa upande huu wa Tanganyika. Ndiyo kusema, hata neno la Kifaransa la wahunzi, "forgerons", laweza kukufungulia mlango ambao Kiingereza hakiufungui.

Neno adimu lina thamani kuliko neno la kawaida

Mbinu hii haitajwi sana katika vitabu vya mafunzo, lakini pengine ndiyo bora kuliko zote kwa mtu mwenye bando dogo. Kila neno linaloonekana katika makala machache lina nguvu kubwa ya kuchuja. "Iron" limo katika makala yasiyohesabika, yakiwemo ya upungufu wa damu mwilini. "Fipa" limo katika machache. Kisha kuna maneno ya kwetu ambayo watafiti waliyachukua kama yalivyo: "malungu", jina la matanuri marefu, na "katukutu", jina ambalo mwanaakiolojia Bertram Mapunda analitumia kwa teknolojia nyingine ya kuyeyushia chuma iliyokuwapo Ufipa. Andika Fipa malungu au Fipa katukutu, na orodha itakayokuja itakuwa fupi na karibu yote inahusika.

Hapa mtahiniwa wa Kasense ana faida kumshinda mwenzake wa Dar es Salaam. Anaweza kumuuliza babu au bibi jina la kitu kwa Kifipa kabla hajawasha simu. Kwa Jiografia hali ni hiyohiyo: kilimo cha matuta ya Ufipa, ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea, huitwa ntumba au intumba katika maandiko, na majina hayo yanafaa kuliko neno la jumla la "kilimo".

Kwa Biolojia na Kilimo, neno adimu lako ni jina la kisayansi. Ulezi una majina mengi katika lugha nyingi, na watu huuchanganya na uwele, lakini Eleusine coracana ni ulezi peke yake, iwe mwandishi ni Mhindi, Mganda au Mtanzania.

Kuisoma orodha ya matokeo

Usifungue makala ya kwanza kwa sababu tu yako juu. Soma vichwa vya ukurasa wote wa kwanza, tazama mwaka na jina la jarida, kisha fungua ikisiri za mawili au matatu. Ikisiri ni maandishi tu na hula data kidogo. Faili la PDF la jarida la zamani lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa linaweza kula bando lote. Tazama ukubwa wake kama umeonyeshwa, kisha ndipo upakue.

Ukipata makala moja mazuri, kazi imekuwa nyepesi. Nenda mwisho wake kwenye marejeo: hapo mwandishi amekuorodheshea bure maandiko yaliyomtangulia. Kwa waliokuja baada yake, Google Scholar huweka chini ya kila kichwa kiungo kinachoonyesha makala yaliyomtaja. Kwa njia hiyo, kutoka kwa Greig wa 1937 unaweza kumfikia mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeandika juu ya historia ya Ufipa mwaka 1981, kisha Randi Barndon wa Norway aliyechunguza uyeyushaji wa Wafipa na Wapangwa, na Mapunda, ambaye kitabu chake juu ya chuma cha Ufipa kilichapishwa Kampala mwaka 2010.

Kichujio cha miaka kitumie kulingana na swali. Kwa ugonjwa au hali ya hewa, miaka kumi ya karibuni inafaa. Kwa swali letu kingekuwa kosa, kwa kuwa kingewaondoa walioandika karibu na wakati ambapo matanuri yalikuwa bado yanawashwa.

Pima pia anayesema. Mmisionari wa 1914 aliyaona mambo kwa macho ya zama zake, na kichwa cha makala yake kinawagawa wahunzi kuwa wapagani na Wakristo. Maelezo yake ya kazi yanaweza kuwa mazuri, lakini hukumu zake juu ya watu zichukue kwa tahadhari. Na kama tovuti haina jina la mwandishi, haina mwaka, na inakuahidi "maswali yatakayotoka", hiyo si maktaba.

Kilichopatikana

Baada ya utafutaji huo, jibu linakuwa na nyama. Tanuri refu la Wafipa lilikuwa na kimo cha takriban meta 3. Chini lilikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Moto ulipowaka, hewa ya ndani ilipata joto na kupanda, nayo hewa baridi ya nje ikavutwa kuingia kupitia mirija hiyo. Huo ni msafara uleule wa joto unaousoma katika Fizikia. Kwa hiyo hapakuhitajika mtu wa kuvukuta katika hatua hii. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa tena katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe. Kazi hii ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya kuagizwa kutoka nje yalipoenea.

Andika hayo kwa maneno yako mwenyewe katika daftari, pamoja na jina la mwandishi, mwaka, kichwa, jarida na ukurasa. Katika chumba cha mtihani hutadaiwa ukurasa. Lakini mwezi wa tisa, mwenzako akikubishia kwamba Wafipa walivukuta tanuri kubwa, utajua pa kurudi.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi ameandika: Fipa OR Ufipa AND iron. Eleza kwa kutumia seti kwa nini ameletewa makala ya nyimbo za harusi, kisha sahihisha.

2. Maktaba ina makala 75 yenye neno Rukwa, makala 20 yenye neno Rikwa, na 8 yenye yote mawili. Ni makala mangapi yatakuja kwa Rukwa OR Rikwa? Ni mangapi yangekukosa kama ungeandika Rukwa peke yake?

3. Kwa nini nyota iliyowekwa mwishoni haiwezi kukuletea "wahunzi" ukiwa umeandika mhunzi*? Andika utafutaji utakaoyaleta maumbo yote mawili.

4. Chagua zao moja linalolimwa nyumbani kwenu. Tafuta jina lake la kisayansi na jina lake la Kifipa, au la lugha ya nyumbani kwenu. Tunga utafutaji mmoja kwa AJOL na mwingine kwa Google Scholar, kisha linganisha vichwa vitano vya kwanza vya kila upande.